Ukiumia mgongo, urudije kwenye baiskeli?

Katika parokia zetu za vijijini baiskeli si chombo cha matembezi. Ndiyo inayopeleka mahindi mashineni, madumu ya maji nyumbani, mkaa na maziwa sokoni. Ndiyo inayombeba mgonjwa hadi zahanati, na katekista hadi vigango vya mbali. Kwa hiyo siku mwenye baiskeli anapoteleza kwenye korongo, au anaponyanyua gunia na kusikia kitu kikimchoma kiunoni, hakuumia peke yake. Sare za shule, sabuni na chumvi vyote vinasubiri mgongo wake upone.

Hapo ndipo makosa huanza. Aghalabu mtu hulala kitandani juma moja au mawili. Maumivu yakipungua, hupandisha gunia kwenye keria na kuondoka kama zamani. Kabla ya mwezi kwisha amerudi mkekani, na safari hii maumivu yameshuka mpaka mguuni. Majirani husema mgongo wake umekuwa mbovu. Mara nyingi mgongo si mbovu, bali umerudishwa kazini kabla ya wakati.

Tatizo hili si letu peke yetu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Jambo tunalotaka lieleweke nyumbani mwenu mwezi huu ni hili: maumivu kwisha ni jambo moja, na nguvu kurudi ni jambo jingine. Kati ya hayo mawili kuna kazi ya majuma kadhaa. Kazi hiyo haidai fedha wala mashine. Inadai mkeka, nafasi ya kujinyoosha, na uvumilivu.

MGONGO UMEJENGWAJE

Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Shingoni zipo 7, kifuani 12 na kiunoni 5. Hizo 5 za kiunoni ndizo kubwa zaidi, kwa sababu zinabeba uzito wa sehemu yote ya juu. Kati ya pingili na pingili kuna kisahani cha gegedu, ambacho hospitalini huitwa diski. Kazi yake ni kupokea mshindo, na kuuwezesha mgongo kupinda na kugeuka.

Pingili hizi haziwezi kusimama peke yake. Tazama mlingoti mrefu wa antena. Wenyewe ni mwembamba, lakini hauanguki kwa kuwa umefungwa kwa waya pande zote. Waya mmoja ukilegea, mlingoti huyumba upepo ukivuma. Waya za mgongo ni misuli: ya tumbo kwa mbele, ya ubavuni pande mbili, na ile midogo iliyojishikiza kwenye pingili kwa nyuma. Juu kuna msuli wa kupumulia, na chini kuna misuli ya sakafu ya nyonga. Pamoja hufanya kama mshipi mpana unaozunguka kiwiliwili. Tutakapotaja "mshipi" hapa chini, tunasema juu ya misuli hiyo, wala si mkanda wa dukani.

Mwendesha baiskeli anauhitaji mshipi huo kuliko anavyodhani. Miguu ndiyo inayosukuma pedeli, lakini kila mguu unaposukuma unahitaji mahali imara pa kuegemea, na mahali hapo ni nyonga na kiuno. Mshipi ukiwa dhaifu, kiuno huyumba kushoto na kulia kila pedeli inapozunguka. Hebu tupige hesabu. Anayezungusha pedeli mara 60 kwa dakika, katika saa moja amezungusha mara 3,600. Wakati huo wote ameinama mbele, na mawe ya njiani yanampiga kutoka chini.

KWANZA, HAKIKISHA SI JAMBO LA HATARI

Maumivu mengi ya kiuno hutokana na misuli, kano na diski, na wengi hupata nafuu kubwa katika majuma 6 ya kwanza. Hata hivyo kuna dalili ambazo hazingojei mazoezi. Nenda hospitali bila kuchelewa ukiona mojawapo ya hizi:

- Ganzi sehemu za siri au katikati ya mapaja, kushindwa kukojoa, au choo na mkojo kutoka bila kujua. Hii ni dharura ya siku hiyo hiyo.
- Mguu mmoja au yote miwili kulegea, au unyayo kuburuzika unapotembea.
- Maumivu makali baada ya kuanguka kwa nguvu au kugongwa na gari. Kwa mzee, hata kuanguka kidogo kunatosha kuvunja pingili.
- Maumivu ya mgongo pamoja na homa, kutoka jasho usiku au kukonda. Tusisahau kwamba kifua kikuu hakikai kifuani tu. Hushika hata uti wa mgongo, na hutibika kwa dawa kikigunduliwa mapema.
- Maumivu yasiyopungua usiku wala mchana, hata ukilala namna gani.

Aliyevunjika pingili au aliyefanyiwa upasuaji asianze zoezi lolote katika haya bila ruhusa ya daktari wake. Yanayofuata yanamhusu yule aliyechunguzwa na kuambiwa kwamba mfupa ni salama.

KULALA AU KUTEMBEA?

Wazee wetu walishauriwa kulala juu ya ubao majuma mawili au matatu. Hata hospitalini ushauri huo ulitolewa kwa miaka mingi. Leo umeachwa. Mwaka 1995 madaktari wa Finland walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafanyakazi 186 wa jiji la Helsinki waliopatwa na maumivu makali ya kiuno. Kundi la kwanza liliambiwa lilale siku mbili. La pili lilipewa mazoezi ya mgongo. La tatu liliambiwa liendelee na shughuli za kawaida kwa kadiri maumivu yanavyoruhusu. Baada ya majuma 3, na tena baada ya majuma 12, waliopata nafuu zaidi ni wale wa kundi la tatu.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza, kitanda si dawa. Mtu akilala muda mrefu misuli hunyauka na viungo hukakamaa. La pili, siku za mwanzo kabisa si wakati wa kujilazimisha mazoezi. Ni wakati wa kutembea kidogo kidogo: uani, kwa jirani, kisimani bila ndoo. Ukikaa nusu saa, inuka. Ukichoka, lala chali dakika chache huku miguu ikiwa juu ya kigoda, kisha inuka tena.

MAUMIVU YAMEKWISHA, MISULI HAIJARUDI

Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walichapisha jambo lililowashangaza wengi. Waliwafuatilia watu walioumwa kiuno kwa mara ya kwanza, wakaipima ile misuli midogo inayoshika pingili. Upande ulioumia, misuli hiyo ilikuwa imepungua. Baada ya majuma 4 maumivu yalikuwa yamewaisha wengi wao. Lakini kwa wale ambao hawakupewa mazoezi maalumu, hata baada ya majuma 10 misuli ilikuwa bado haijarudi ukubwa wake. Wale waliopewa mazoezi, misuli yao ilirudi.

Watafiti wale wale waliendelea kuwaangalia watu hao, nao walikuwa 39 tu. Mwaka 2001 walieleza kwamba katika mwaka mmoja baada ya kupona, maumivu yaliwarudia asilimia 84 ya wale wasiofanya mazoezi maalumu. Kwa waliofanya, yaliwarudia asilimia 30. Kundi lilikuwa dogo, lakini tofauti ni kubwa. Yule baba aliyerudi mkekani kabla ya mwezi kwisha alipanda baiskeli akiwa hana maumivu, lakini waya za mlingoti wake zilikuwa bado zimelegea.

HATUA YA KWANZA: KUULEGEZA MGONGO

Maumivu makali yakishapoa, anza kwa kulegeza. Fanya asubuhi na jioni, polepole, bila kurusha mwili. Asubuhi usiharakishe. Usiku diski hunyonya maji zikavimba kidogo, na ndiyo maana mtu huamka akiwa mrefu kidogo kuliko alivyolala. Kwa hiyo saa moja ya kwanza baada ya kuamka usiiname sana, na mazoezi yafanye baada ya hapo.

1. Paka na ngamia. Piga magoti na uweke viganja chini kama mtoto anayetambaa. Pandisha mgongo juu taratibu kama paka anayejinyoosha, kisha ushushe taratibu tumbo lielekee chini. Usifike mwisho wa nguvu zako. Mara 6 hadi 8 zinatosha.

2. Magoti kushoto na kulia. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage mkeka. Peleka magoti yote mawili upande wa kushoto kidogo, rudi katikati, kisha kulia. Mabega yasinyanyuke. Mara 8 kila upande.

3. Kunyoosha nyonga kwa mbele. Weka goti la kulia juu ya mkeka na unyayo wa kushoto mbele. Sogeza nyonga mbele bila kuinama mpaka uhisi mvuto juu ya paja la kulia. Kaa sekunde 20, kisha badili mguu. Waendesha baiskeli wengi wamekakamaa hapo, kwa kuwa kwenye kiti nyonga hukaa imekunjwa muda wote.

4. Kunyoosha nyuma ya paja. Lala chali, pitisha kanga chini ya unyayo mmoja, uvute mguu juu ukiwa karibu kunyooka. Mguu mwingine ukunje goti. Kaa sekunde 20, kisha badili. Nyuma ya paja ikikaza, ukiinamia usukani kiuno ndicho kinachopinda badala ya nyonga. Maumivu yakishuka mguuni kama umeme, acha zoezi hili kwa sasa.

HATUA YA PILI: KUUKAZA MSHIPI

Baada ya juma moja au mawili ya kulegeza, ongeza mazoezi ya nguvu. Matatu ya kwanza kati ya haya yamefundishwa sana na Stuart McGill, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na aliyetumia miaka mingi kupima migongo ya watu. Yanaamsha misuli bila kuzikandamiza diski kupita kiasi. Yafanye kila siku, na usishike pumzi.

1. Kunyanyua kichwa kidogo. Lala chali, mguu mmoja umenyooka, goti jingine limekunjwa. Weka viganja viwili chini ya kiuno ili kisibonyee. Kaza tumbo kama mtu anayetarajia kusukumwa, kisha nyanyua kichwa na mabega kidogo tu, kiasi cha karatasi kupita chini yake. Kaa sekunde 8 hadi 10, kisha shusha. Lile zoezi la shuleni la kulala na kuinuka mpaka kukaa liache, kwa maana linabana diski.

2. Daraja la ubavu. Lala ubavu, egemea kiwiko, magoti yamekunjwa. Nyanyua nyonga mpaka mwili unyooke toka bega hadi goti. Kaa sekunde 8 hadi 10. Ukiweza vizuri, baada ya majuma kadhaa fanya ukiwa umenyoosha miguu. Fanya pande zote mbili, kwa maana anayeimarisha upande mmoja amefunga waya mmoja.

3. Mkono na mguu. Piga magoti na viganja chini. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, bila kiuno kuyumba. Jaribu kuwekewa kikombe cha plastiki chenye maji juu ya kiuno. Yakimwagika, umeyumba. Kaa sekunde 8 hadi 10, kisha badili. Watoto hupenda kuweka kikombe hicho na kuhesabu, na mgonjwa asiyekuwa na msimamizi wa namna hiyo huacha mazoezi upesi.

4. Kunyanyua nyonga. Lala chali, magoti yamekunjwa. Kaza matako, nyanyua nyonga mpaka mapaja na kiwiliwili vinyooke. Hesabu 5, shusha. Mara 10. Misuli ya matako ndiyo injini ya baiskeli, na ikilala, kiuno hubeba kazi isiyo yake.

Kila zoezi kati ya matatu ya kwanza rudia mara 6, pumzika, kisha mara 4, pumzika, kisha mara 2. Usirefushe muda wa kukaa kupita sekunde 10. Ukiona ni rahisi, ongeza idadi. Mtu wa kawaida ataanza kuhisi mabadiliko baada ya majuma 4 hadi 6.

NAMNA YA KUSOMA MAUMIVU

Uchovu wa misuli si kitu cha kuogopa. Maumivu yafuatayo ndiyo ya kuangaliwa. Yakitoka kiunoni yakashuka kwenye tako, paja hadi mguu, umekwenda mbali mno. Rudi nyuma. Yakiuacha mguu na kupanda kuelekea kiunoni, hata kama kiuno chenyewe kinauma kidogo zaidi, kwa kawaida ni dalili njema. Kipimo kingine ni kesho yake. Ukiamka na maumivu makubwa kuliko ya jana, punguza nusu ya ulichofanya. Ukiamka kama jana au vizuri zaidi, endelea.

BAISKELI NAYO IPIMWE

Mgongo mzuri juu ya baiskeli isiyokutosha utaharibika tena. Baiskeli zetu nyingi ni zile kubwa za magurudumu ya inchi 28, na mara nyingi zinaendeshwa na baba, mama na kijana mmoja baada ya mwingine bila kubadili chochote. Mwombe fundi baiskeli, au chukua spana mwenyewe, mwangalie mambo haya:

Urefu wa kiti. Kaa kwenye kiti, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa. Goti linatakiwa kunyooka bila nyonga kuinamia upande mmoja. Ukihamishia sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedeli, goti litabaki limekunjwa kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Kiti kikiwa juu mno, nyonga huyumba kama ya bata na kiuno hukatwa kila mzunguko.

Mlalo wa kiti. Kiwe sawa kama meza, au ncha ya mbele iiname kidogo sana. Ncha ikielekea juu, nyonga husukumwa nyuma na kiuno hupinda.

Usukani. Kwa aliyeumia, usukani uwe sawa na kiti au juu yake kidogo, na uufikie huku viwiko vimelegea. Ukilazimika kunyoosha mikono yote, unaning'inia kwa mgongo.

Upepo. Tairi lililojazwa mpaka likawa gumu kama jiwe hupeleka kila mshindo mgongoni, na lililolegea hukuchosha na kutoboka. Jaza kiasi. Ukifika kwenye mashimo, inuka kidogo juu ya pedeli, magoti yakunje, ili miguu ipokee mshindo.

HATUA YA TATU: KURUDI NJIANI

Kabla ya kupanda, jipime. Je, unaweza kutembea nusu saa bila maumivu kuongezeka? Unaweza kufanya zoezi la mkono na mguu bila kumwaga maji? Unaweza kunyanyua ndoo ya lita 10 kwa kukunja magoti na nyonga, mgongo ukiwa umenyooka? Jibu likiwa ndiyo mara tatu, anza hivi:

Juma la kwanza: sukuma baiskeli tupu kwa miguu, kisha panda dakika 10 kwenye njia tambarare, siku moja ndiyo, siku moja hapana.

Juma la pili na la tatu: ongeza dakika 5 kila safari. Kila dakika 10 simama, shuka, weka viganja kiunoni na ujinyooshe nyuma mara 5.

Juma la nne na la tano: fika hadi saa moja, na jaribu kilima kifupi. Kilima kikubwa shuka usukume.

Baada ya hapo ndipo mzigo unaanza. Dumu la lita 10 lina kilo 10 za maji, na la lita 20 lina kilo 20. Anza na madumu mawili ya lita 10, moja kila upande wa keria, ili uzito usivute upande mmoja. Likipita juma bila shida, yawe mawili ya lita 20. Gunia la mahindi la kilo 100 liwe la mwisho kabisa, na wengine watafanya vyema kutolirudia tena. Mzigo uliogawanywa safari mbili hufika sokoni sawa na ule wa safari moja.

Kumbuka pia kwamba wengi huumia wakati wa kupakia kuliko wakati wa kuendesha. Egemeza baiskeli ukutani au kwenye mti. Msaidiane wawili. Sogea karibu na gunia, chuchumaa, likumbatie kifuani, kaza mshipi, inuka kwa miguu. Usigeuze kiuno ukiwa umebeba. Geuza nyayo.

MASWALI TUNAYOULIZWA MARA KWA MARA

Je, nivae mkanda wa kiunoni? Unaweza kukupa nafuu siku chache za mwanzo, lakini usiutegemee. Mshipi unaokulinda ni wa misuli, na huo unajengwa kwa mazoezi.

Je, nimeze vidonge ili niweze kwenda kazini? Dawa kama diklofenaki hupunguza maumivu kwa muda, lakini ikimezwa kila siku bila ushauri yaweza kuleta vidonda vya tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Tena anayeficha maumivu ili abebe gunia amezima taa inayomwonya.

Vipi kuhusu kuchuliwa? Kukandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa taratibu hulegeza misuli na kutuliza. Kukanyagwa mgongoni au kuvutwa kwa nguvu kuna hatari, hasa ikiwa mfupa una ufa au kifua kikuu kimo ndani yake.

Picha imeonyesha diski zimechakaa. Nimekwisha? Hapana. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba hata kati ya watu wasioumwa chochote, asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80 wana diski zilizochakaa kwenye picha. Ni kama mvi. Daktari hutibu mtu, si picha peke yake.

KAZI YA FAMILIA

Tumesema mwanzoni kwamba anayeumia hakuumia peke yake. Hali kadhalika hawezi kupona peke yake. Majuma 8 hadi 12 ni mengi kwa nyumba inayoishi kwa baiskeli, na hapo ndipo wengi hushindwa. Hawashindwi na zoezi, bali na aibu ya kuonekana wavivu. Baba aliyesimama wima, asiye na bandeji wala plasta, huonekana mzima. Maneno madogo ya kumsimanga humrudisha kwenye gunia mapema kuliko njaa yenyewe.

Kaeni basi mpange. Kijana mkubwa anaweza kupeleka mahindi mashineni kidogo kidogo. Jirani wa jumuiya anayekwenda sokoni anaweza kuchukua mkaa wenu pamoja na wake. Mgonjwa naye asikae bure. Kupukuchua, kushona, kuuza gengeni, kufundisha watoto hesabu, yote ni kazi, mradi ainuke kila nusu saa. Na yote tuliyosema yanamhusu mama vilevile, anayeinamia jembe na kujitwisha ndoo, hata kama hapandi baiskeli. Naye akiumia, majuma hayo hayo ni haki yake.

Ikiwa baada ya majuma 6 ya mazoezi huoni nafuu, mwombe mganga wa zahanati yenu akuandikie rufaa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Wapo katika hospitali kubwa kama Bugando Mwanza, KCMC Moshi na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na katika hospitali nyingine nyingi za mikoa. Mtaalamu huyo atakuchagulia mazoezi yanayofaa mgongo wako mwenyewe.

Na ukishapona usiyaache. Dakika 10, siku 3 kwa juma, zinatosha kulinda ulichokijenga. Haba na haba hujaza kibaba, na mgongo ni kibaba kimojawapo. Tunawatakia safari njema.